Gari Kuukuu la Shamba na Barabara: Land Rover Ilikotoka na Jinsi ya Kuibadilisha

Juma hili tunaweka kando habari za mbegu na mbolea, tunaingia gereji. Sababu ni swali moja ambalo wakulima hutuuliza kila mavuno yanapokaribia, na kila mara huja kwa sura ile ile: "Tumechanga fedha watu sita. Kuna Land Rover ya zamani inauzwa. Tunataka itubebee viazi kutoka shambani hata wakati wa masika, lakini pia iwe gari ya kila siku, ya kwenda mjini na kumpeleka mgonjwa hospitali. Tubadilishe nini kwanza?"

Swali zuri hilo. Tatu ni majibu utakayopata gereji. Fundi wa kwanza atasema inua springi. Wa pili atasema toa injini hiyo, weka ya Kijapani. Wa tatu, hasa akiwa na tairi za kuuza, atasema weka tairi pana. Kila mmoja ana ukweli wake kidogo, na kila mmoja anaweza kuwamalizia fedha kabla gari halijabeba gunia hata moja. Kwa hiyo nakuomba kwanza unifuate mpaka Uingereza, miaka ile baada ya vita, ukaone gari hili lilizaliwa kwa kazi gani. Mtu akijua kwa nini kitu kiliwekwa pale kilipo, atajua kama ni busara kukiondoa.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Jeep zaidi ya 600,000 zilikuwa zimetengenezwa Marekani kwa ajili ya jeshi. Nyingi ziliuzwa kwa raia baada ya vita. Zilikuwa gari dogo, jepesi, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na wakulima walilipenda mara moja. Kampuni ya Willys iliyotengeneza nyingi kati yake haikulala: mwaka huo huo wa 1945 ilianza kuuza Jeep ya raia, iliyoitwa CJ-2A, na wanunuzi wa kwanza iliowalenga walikuwa wakulima.

Sasa katika kisiwa cha Anglesey, upande wa Wales, alikuwako bwana mmoja aitwaye Maurice Wilks. Bwana huyu alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya magari ya Rover, na pia alikuwa na shamba. Kwenye shamba hilo alitumia Jeep kuukuu ya jeshi. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa imechoka, na spea za Kimarekani zilikuwa shida kupatikana. Tatizo lake, kama unavyoona, ni lile lile lako. Akazungumza na kaka yake Spencer Wilks, aliyekuwa mkuu wa kampuni, wakakubaliana kwamba Rover itengeneze gari la namna hiyo. Inasimuliwa kwamba Maurice alichora umbo lake kwa kijiti kwenye mchanga wa ufuko wa Red Wharf Bay.

Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, halikuwa jipya. Walichukua chesisi ya Jeep wakaweka vitu vya Rover juu yake, na usukani wakauweka katikati kama wa trekta, kusudi mkulima akae katikati na asihangaike upande wa kulia wala wa kushoto. Kwa hiyo, ndugu mkulima, wewe unayetaka kubadilisha gari kuukuu usijione umechelewa. Land Rover yenyewe ilianza hivyo hivyo. Usukani wa katikati lakini haukudumu. Barabarani dereva hakuweza kutoa mkono dirishani kuonyesha kwamba anakata kona, na abiria hakuwa na mahali pazuri pa kukaa. Ukarudishwa pembeni. Hapo ndipo shamba na barabara ziliposhindana kwa mara ya kwanza ndani ya gari hili, na barabara ikashinda.

Chuma cha bati kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo nchini Uingereza miaka ile. Kampuni ikaamua bodi litengenezwe kwa aluminiamu, ambayo ilipatikana kwa wingi baada ya viwanda vya ndege za vita kupunguza kazi. Lakini chesisi ilibaki ya chuma, na ukuta ule unaotenga injini na miguu ya dereva nao ukabaki wa chuma. Shika sana jambo hilo. Tutalirudia, maana limewaponza wanunuzi wengi.

Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa hadharani katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Ilikuwa fupi, inchi 80 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, yaani kama mita mbili. Injini ya petroli ya lita 1.6 ilitoa nguvu za farasi kama 50. Bei ilitangazwa kuwa pauni 450. Na ilikuja na mahali pa kutolea nguvu ya injini nje ya gari, kama trekta ya leo, ili mkulima aweze kuzungushia msumeno, pampu ya maji au mashine ya kupura nafaka. Waliipiga picha ikilima kwa plau. Waliipiga picha ikikata nyasi. Walitaka watu waione kama trekta linaloweza kwenda sokoni.

Je, ililima? Ililima, ndiyo, lakini si sana. Gari jepesi huteleza likikokota plau katika udongo mzito, na injini yake huchoka. Wakati huo huo kulikuwa na trekta dogo la Ferguson TE20, lililoanza kutengenezwa Coventry mwaka 1946, ambalo lilikuwa limebuniwa kwa plau tangu mwanzo. Mkulima aliyetaka kulima alinunua Ferguson. Land Rover ikabaki na kazi iliyoiweza kuliko trekta na kuliko gari dogo la mjini: kutoka shambani na mzigo, kupita matope, kufika barabara kuu, na kwenda mjini na kurudi siku ile ile. Kampuni yenyewe ilidhani gari hili litakuwa la kuziba pengo kwa miaka michache. Kumbe ndilo lililoilisha, na ilipofika mwaka 1976 Land Rover ya milioni moja ilikuwa imetoka kiwandani.

Hapa niingize habari ya nyumbani, maana inahusika. Miaka ile ile, kuanzia 1947, serikali ya Uingereza ilikuwa inaendesha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalipokosekana, vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikapewa jina la Shervick. Kifaru ni chuma chenye nguvu ajabu. Lakini visiki vya Kongwa na udongo ule unaokauka ukawa kama saruji havikujali kwamba mashine imeshinda vita Ulaya. Mashine zilivunjika, mvua hazikutosha, na mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza pauni kama milioni 36. Wazee wa Kongwa waliujua udongo wao. Hawakuulizwa. Nakutajia hili kwa sababu kuna watu hubadilisha gari kwa kutazama picha za majangwa ya mbali, na wao wanaishi kwenye mfinyanzi mwekundu wa mlimani.

Basi turudi kwenye Land Rover. Zile za 1948 zilipeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne daima. Kwenye matope ni neema. Kwenye barabara ngumu ni uchakavu. Mwaka 1950 kampuni ikabadili, dereva akapewa kuchagua: magurudumu mawili ya nyuma kwa safari ya kawaida, manne kwa njia mbaya. Ndiyo sababu Land Rover nyingi za zamani zina kirungu cha njano unachokisukuma chini kuingiza fowili, na kirungu chekundu unachokivuta nyuma kuingiza gia nzito. Ukivuta chekundu, fowili huingia yenyewe.

Watu wengi huniuliza kwa nini wasiiache fowili ndani muda wote, si nguvu tu? Hapana. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope, gurudumu huteleza kidogo na tofauti ile huisha. Kwenye lami halitelezi, kwa hiyo tofauti hujibana ndani ya mashafti na difu mpaka usukani unakuwa mzito na kitu kinakatika. Fowili ni ya tope, mchanga na mawe yanayoteleza. Ukifika lami, itoe.

Badiliko la kwanza ambalo mimi nalisifu bila kusita halikutoka Rover wala Willys. Lilitoka Marekani mwaka 1948, Seattle, ambako Arthur Warn na mkewe Sadie walianzisha kampuni ya kutengeneza habu za kufungua na kufunga kwa ajili ya Jeep zile za jeshi. Waliona vizuri tatizo la raia. Jeshi halikujali mafuta, lakini mkulima anayekwenda mjini kila siku analipa kila tone. Hata ukitoa fowili, magurudumu ya mbele yakizunguka huendelea kuzungusha shafti, difu na propela ya mbele bure. Ukiweka habu hizi, unashuka, unazungusha kwa mkono kila gurudumu la mbele, nalo linaachana na shafti. Sehemu zote za mbele zinapumzika. Gari linakuwa jepesi, kelele zinapungua na uchakavu unapungua. Ukikaribia njia ya shamba, unashuka tena, unafunga.

Kitu kidogo, hakuna haja ya kukata wala kuchomelea, na ukitaka kukitoa unakitoa. Lakini hata hiki kina malipo yake. Kwanza, ukisahau kufunga, utaingiza fowili na mbele hakutavuta. Kibaya zaidi ni pale unapovuta kile kirungu chekundu cha gia nzito habu zikiwa wazi: nguvu yote iliyozidishwa inakwenda ekseli ya nyuma peke yake, na mashafti ya nyuma ya Land Rover za zamani yanajulikana kwa kukatika. Pili, kwenye Land Rover, oili ya kule mbele, kwenye maungio yanayokatia kona, hufika sehemu za juu kwa kurushwa na vyuma vinavyozunguka. Ukiacha habu wazi mwezi mzima, sehemu za juu zinakauka. Kwa hiyo zifunge mara kwa mara, hata kiangazi, uendeshe kilomita chache kwenye njia ya vumbi, kisha ufungue tena.

Tuje kwenye injini. Mwaka 1957 Land Rover ilipata dizeli kwa mara ya kwanza, lita mbili. Mwaka 1958 likaja toleo la pili na petroli ya lita 2.25, na dizeli ya ukubwa huo huo ikafuata miaka ya mwanzo ya 1960, nguvu za farasi 62. Hizi ndizo zilizojaa kwetu. Mabwana shamba walizipanda, polisi walizipanda, mabwana nyama walizipanda, na nyingine ziliunganishwa hapa hapa Afrika Mashariki, Thika nchini Kenya. Dizeli ile ilikuwa na kelele za kinu na mwendo wa kobe. Kupanda mlima na mzigo, mtoto wa shule alikuwa anaweza kuzungumza nawe huku anatembea pembeni. Lakini ilikula mafuta kidogo, na fundi wa kijiji aliweza kuifungua chini ya mwembe.

Hamu ya kubadili injini ni ya zamani pia. Uingereza kwenyewe wakulima waliweka dizeli za Perkins zilizotumika kwenye matrekta. Baadaye, kampuni ilipotoa dizeli ya turbo ya lita 2.5 mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wakaanza kuitoa kwenye magari yaliyopata ajali na kuiweka kwenye Land Rover za miaka ya 1960. Kwetu mafundi wanapenda za Kijapani, na sababu yao naielewa: spea zipo kila duka.

Sikukatazi. Injini ikiwa imekufa, na ya kutengenezea ni ghali kuliko nyingine, badilisha. Lakini fanya hesabu yote. Ile dizeli ya turbo ina msukumo unaokaribia mara mbili ya ule wa dizeli ya zamani. Giaboksi na mashafti yalitengenezwa kwa msukumo wa zamani. Breki nazo zilitengenezwa kwa gari lisilofika mwendo mkubwa. Kwa hiyo mwaka wa kwanza utafurahia, wa pili utanunua giaboksi, na siku yoyote kati ya hizo unaweza kujikuta unateremka kwa mwendo ambao breki zako hazijawahi kuuona. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini bila kuarifu mamlaka inayosajili magari, siku utakapotaka kuliuza au litakapokamatwa njiani utaonekana mwizi.

Kama shida yako ni injini kulia sana ukiwa kwenye lami, kuna dawa ya zamani iliyo ya upole zaidi. Miaka ya 1970 kampuni ya Fairey iliuza gia ya nyongeza iliyofungwa nyuma ya giaboksi. Ukiiingiza, injini inapunguza mizunguko zaidi kidogo ya moja ya tano kwa mwendo ule ule. Bado zinapatikana kwa wanaouza vitu vya zamani, ingawa si rahisi. Yenyewe hunywa oili, ichunguzwe kila mara.

Sasa nije kwenye springi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo.

Mwaka 1986 nilikuwa bwana shamba kijana katika milima ya Uporoto. Siku moja ya mwezi wa tatu nikaomba lifti kwenye Land Rover ndefu, ile ya inchi 109, ikiteremsha viazi. Mwenye gari alikuwa ameongeza majani ya springi na kuweka vishikizo virefu, kusudi gari liwe juu lisigonge matuta. Juu ya paa alikuwa ametengeneza kichanja cha chuma, na juu ya kichanja kulikuwa na magunia ya lumbesa, na juu ya lumbesa kijana mmoja. Njia ilikuwa na mtaro uliochimbwa na maji upande wa kushoto. Gurudumu la mbele la kushoto likaingia. Halikuingia sana, kama kina cha ndoo. Gari la kawaida lingeinama na kutoka. Letu liliinama, likasita kama linafikiri, kisha likalala ubavu taratibu kabisa. Hakufa mtu. Kijana wa juu aliruka, akavunjika mguu. Viazi vilibiringika mpaka mtoni. Mwenye gari alisimama pale anailaumu mvua.

Mvua haikuwa na kosa. Uzito ulikuwa umepelekwa juu. Springi ndefu ziliupandisha, kichanja kikaupandisha tena, na lumbesa ikamalizia. Yeye aliongeza nafasi ya chini ya tumbo la gari, lakini difu haipandi kwa kunyanyua springi. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli hupandishwa na tairi tu. Kwa hiyo kile kilichokuwa kinagonga matuta kiliendelea kugonga. Alichopata ni gari refu lenye propela zilizopinda pembe mbaya na mipira ya breki iliyovutika.

Tazama kampuni yenyewe ilivyofanya. Ilianza na springi za majani mwaka 1948. Range Rover ikapata springi za koili mwaka 1970. Land Rover ya kazi ilisubiri mpaka 1983, lilipotoka gari la inchi 110, na mwaka uliofuata lile fupi, Ninety. Miaka 35! Na walipobadilisha springi walibadilisha pamoja na breki za mbele zikawa za diski, na mfumo wa fowili ukawa wa kudumu, wenye difu ya katikati inayoruhusu kukata kona kwenye lami. Hawakuinua springi peke yake wakaenda kulala. Wewe ukitaka gari lako lisirushe viungo vya abiria, tafuta majani ya springi yaliyo mazima, yasafishwe kutu katikati ili yateleze vizuri, na weka shokomzoba mpya. Wengi wanaolalamika kwamba Land Rover inatikisa wanakalia springi zilizoshikana kwa kutu kama ubao mmoja.

Kuhusu tairi nitasema machache. Gari fupi lilikuja na tairi nyembamba, inchi 6.00 kwa 16, na refu 7.50 kwa 16. Watu wanazicheka wembamba wake. Kwenye mfinyanzi wenye ardhi ngumu chini yake, tairi nyembamba hukata tope mpaka kwenye ugumu, ikashika. Tairi pana huelea juu, nayo ni nzuri kwenye mchanga mwingi kama pwani au kwenye mbuga. Usukani wa gari hili hausaidiwi na mashine, ni mabega yako. Ukiweka tairi kubwa na pana, mama mjamzito akihitaji kukimbizwa usiku, dereva atakuwa amechoka kabla ya kufika.

Na breki. Ningekuwa na ruhusa ya kusema jambo moja tu leo, ningesema hili. Land Rover zote za kazi za kabla ya 1983 zina breki za dramu mbele na nyuma. Nyingi za zamani zina bomba moja la mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo likipasuka mahali pamoja umekosa breki zote. Kwa watu sita wanaopanda gari moja kila siku, fedha ya kwanza iende huko: viatu vipya vya breki, silinda zisizovuja, mipira mipya, mabomba yaliyochakaa yabadilishwe. Kama mna lile fupi, fahamuni kwamba dramu zake zilikuwa za inchi 10 na za refu inchi 11, na mafundi wazuri kwa miaka mingi wameweka zile za inchi 11 kwenye gari fupi. Hilo ni badiliko la maana kuliko kichanja chochote. Ukivuka mto, maji na tope hukaa ndani ya dramu. Ukitoka upande wa pili, kanyaga breki polepole huku gari linatembea mpaka uone zinashika. Usingoje mteremko ukuulize.

Nilikuahidi kurudi kwenye aluminiamu. Bodi la Land Rover halili kutu jekundu, kwa hiyo gari la mwaka 1965 laweza kung'aa kama sahani baada ya rangi mpya. Muuzaji anajua hivyo. Lakini chesisi ni chuma, tena chesisi yenye uwazi ndani kama bomba, na maji ya tope huingia humo yakakaa. Inaoza kutoka ndani kuja nje. Siku ya kwenda kuliona gari, nendeni na nyundo ndogo. Laleni chini. Gongeni chesisi yote, hasa boriti la nyuma kabisa linalofungwa tela, mahali springi zinaposhikwa, na vile vikono vinavyoshika bodi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boga. Inueni mkeka wa miguu ya dereva mtazame ule ukuta wa chuma chini yake. Mkikuta mahali pamechomelewa bati juu ya bati juu ya bati, mshukuruni mwenye gari kwa chai mwondoke. Springi, injini na tairi vyote hufungwa kwenye chesisi. Ikiwa imekwisha, mnanunua bodi zuri tu.

Mtaniuliza habari ya Toyota, najua. Toyota walitengeneza gari lao la kwanza la namna hii mwaka 1951, wakaliita Land Cruiser kuanzia 1954. Lile lililojulikana sana kwetu, la mtindo wa 40, lilitengenezwa toka 1960 mpaka 1984, na mtindo wa 70 ukalifuata. Ni magari magumu, na yalichukua kazi nyingi za Land Rover Afrika kwa sababu hayakusumbua sana. Bodi yake ni bati la chuma, kwa hiyo kutu huiona kwa macho kabla ya kuisikia kwa nyundo. Mengine yote niliyosema juu ya habu, springi, tairi na uzito wa juu yanalihusu vile vile.

Land Rover ya ukoo ule wa 1948 ilitoka kiwandani Solihull kwa mara ya mwisho tarehe 29 Januari 2016, wakati huo ikiitwa Defender. Gari jipya lenye jina hilo lililofuata halina chesisi ya kutenganishwa na bodi, wala sidhani lilibuniwa kwa kufunguliwa chini ya mwembe. Kwa hiyo hizi kuukuu zilizobaki vijijini zinazidi kupanda bei, na baadhi zinanunuliwa na watu wa mjini wa kuzipamba. Kama kikundi chenu kimepata moja nzima chesisi, msiwe na haraka. Tengenezeni breki na usukani msimu huu. Wekeni tairi za kipimo chake. Habu zije mkishauza viazi. Injini iacheni mpaka iseme yenyewe. Na magunia yakae ndani, chini, karibu na ekseli ya nyuma, na kijana akae kwenye kiti.

Yakizidi magunia, basi dawa ni tela. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya tela la magurudumu mawili: jinsi ya kulipakia lisivute mkia wa gari, na kwa nini linahitaji taa zake lenyewe. Mpaka hapo, kwaheri.